Nyasi kijani jangwani, kibanja kikavu Kamachumu: somo la maji kutoka uwanja wa gofu

Leo somo letu linaanzia mbali kidogo, Uarabuni, kwenye uwanja wa gofu. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameanza kupotea njia. Vumilia kidogo, tutarudi kibanjani, na tutarudi na hesabu.

Mwezi wa saba alinijia ofisini kijana mmoja wa Kamachumu, wilaya ya Muleba. Amefanya kazi Muscat, Oman, miaka minne, mikataba miwili, kwenye hoteli kubwa yenye uwanja wa gofu wa mashindano. Kazi yake ilikuwa kutunza nyasi. Mkataba umeisha, amerudi nyumbani na akiba yake yote. Baada ya shikamoo na marahaba akatoa simu akanionyesha picha: mlima wa mawe makavu nyuma, mchanga mtupu pembeni, na katikati nyasi kijani kibichi kama zulia.

Akasema, "Bwana shamba, kule mvua hainyeshi na nyasi zinakuwa hivi. Kwetu mvua tunayo, lakini kibanja cha mama kila mwezi wa saba kinanyauka. Nataka kununua pampu ya petroli, mipira na vinyunyizio, nimwagilie eka nzima. Pesa ninayo. Wewe niambie ninunue pampu ya ukubwa gani."

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anieleze kwanza kule wanafanyaje, kila kitu, mpaka mchezo wenyewe. Alichonieleza kimenifundisha mambo ambayo nimeona niwaletee na ninyi, kwa sababu swali lake si lake peke yake. Wapo wengi Bukoba na Muleba wenye mtoto Uarabuni au Dar es Salaam anayetaka kutuma pesa "ya pampu".

1. Mchezo wenyewe unachezwaje

Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. Unaanza kupiga mpira mdogo kutoka sehemu iliyosawazishwa, unaufuata kwenye njia ndefu ya nyasi fupi, mpaka kwenye duara la nyasi zilizokatwa karibu kabisa na ardhi, linaitwa grini. Hapo ndipo kilipo kishimo chenye kijiti cha bendera. Kila shimo lina idadi ya mapigo inayotarajiwa kwa mchezaji hodari, 3, 4 au 5, na uwanja wa mashindano kwa kawaida jumla yake ni 72 au karibu na hapo. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Ukijumlisha mashimo yote, uwanja wa mashindano unafika kilomita 6 na ushee. Ni kama mtu atoke nyumbani aende gulioni kwa miguu huku akipiga kimpira njia nzima.

Jangwani mchezo una mambo yake, na kijana alinieleza kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanaruhusiwa kucheza jioni uwanja ukiwa mtupu.

Kwanza, saa. Kiangazi cha kule joto linapita nyuzi 40, kwa hiyo msimu mzuri wa wageni ni kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu. Anayecheza nje ya msimu huo anaanza alfajiri na anabeba maji kuliko fimbo. Kiu ikikushika umeshachelewa. Unakunywa kidogo kila shimo.

Pili, hewa na upepo. Hewa ya moto ni nyepesi, mpira unaruka mbali zaidi kuliko asubuhi ya baridi. Halafu mchana upepo wa bahari unaamka. Shimo lile lile ulilolicheza kwa fimbo moja asubuhi, jioni linataka nyingine.

Tatu, mchanga. Pembeni ya njia ya nyasi kuna jangwa lenyewe. Mpira ukiangukia hapo, anayejua hajaribu ushujaa. Anatafuta njia fupi ya kurudi kwenye nyasi hata kama inampeleka pembeni. Akiwa kwenye mchanga mgumu, anagonga mpira kwanza kabla ya kugusa ardhi. Lakini kuna mabanka pia, yaani mashimo ya mchanga laini yaliyochimbwa makusudi kama mtego. Humo ni kinyume: fimbo inaingia mchangani vidole kadhaa nyuma ya mpira, na mchanga wenyewe ndio unaourusha mpira nje. Tena kwenye banka hairuhusiwi kugusisha fimbo mchangani kujaribu kabla ya kupiga. Kwenye jangwa la pembeni, ambalo si banka, inaruhusiwa.

Nne, na hili ndilo lililonishtua mimi mtu wa kilimo: lazima usome nyasi. Kwenye grini majani yamelala upande mmoja. Ukitazama yakang'aa, yamelala kuelekea kule unakopeleka mpira, utakwenda haraka. Yakionekana yamefifia, yamelala kukuelekea wewe, utasimama njiani. Mchezaji mzuri anainama, anaangalia jani, ndipo anapiga.

Nikamwambia: wewe umelipwa miaka minne kusoma jani. Mama yako naye amesoma jani la mgomba miaka arobaini. Endelea.

2. Nyasi ile ni ipi? Ni ukoka

Nilipomuuliza wanapanda mbegu gani, akasema inaitwa bermuda. Nikacheka. Bermuda ni ukoka, ndugu zangu! Ni ukoka huu huu unaokusumbua kwenye maharage. Ule wa viwanja vikubwa ni chotara. Aina moja maarufu ilitengenezwa Tifton, jimbo la Georgia, Marekani, kwa kuchanganya ukoka wa kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini. Viwanja vingine vya Ghuba vinatumia nyasi nyingine, paspalamu ya pwani, kwa sababu inavumilia maji yenye chumvi.

Sasa sikiliza jinsi wanavyopanda huo ukoka chotara. Hauzai mbegu. Wanachukua mizizi na vitambaazi, wanavikatakata vipande vidogo, wanavimwaga juu ya mchanga, wanavikandamiza na kuvimwagilia. Kila kipande chenye kifundo kinaota. Baada ya wiki kadhaa uwanja umefunikwa.

Hebu rudi shambani kwako. Unapolima ukoka kwa jembe la kawaida, kwa nguvu zote, ukiukatakata halafu ukaufukia kabla ya mvua, unafanya nini? Unapanda uwanja wa gofu. Ndiyo maana baada ya mvua mbili umerudi mara tatu. Ukoka unatolewa hivi:

- Fanya kazi hiyo kiangazi, si mwanzo wa mvua.
- Tumia jembe uma, inua mzizi mzima mzima, usiukate.
- Anika juu ya mawe au jukwaa mpaka ukauke kabisa na kuvunjika mkononi. Usiurudishe kibanjani ukiwa mbichi eti ni matandazo.
- Funika sehemu iliyosafishwa kwa matandazo mazito. Ukoka unapenda jua, kivuli kizito kinaudhoofisha.

Hata usipofika mwisho wa somo hili, ukishika hilo moja hujapoteza muda.

3. Kijani kile kinatoka wapi?

Zamani viwanja vya gofu jangwani havikuwa na nyasi. Watu walicheza juu ya mchanga. Mchezaji alibeba kipande cha zulia la bandia cha kuwekea mpira, na grini ilikuwa mchanga uliochanganywa na mafuta na kusawazishwa kwa fagio. Huko Muscat klabu ya Ghala ilicheza hivyo miaka mingi kabla ya kuotesha nyasi. Mwaka 1988 Dubai ulifunguliwa uwanja wa Majlis wa klabu ya Emirates, uwanja wa kwanza wa nyasi wa kiwango cha mashindano katika eneo lile, na mwaka uliofuata, 1989, yalichezwa hapo mashindano ya kwanza ya Dubai Desert Classic. Mwingereza Mark James alishinda. Tangu hapo viwanja vya nyasi vimeongezeka. Oman nayo ina Almouj, kando ya bahari pale Muscat, uliobuniwa na Mwaustralia Greg Norman, ambao mwaka 2018 hadi 2020 ulichezewa mashindano ya Oman Open.

Na kote huko nyasi hazikuja kwa baraka za mvua. Muscat kwa mwaka mzima kwa kawaida haipati hata milimita 150. Bukoba mjini, kandokando ya ziwa, tunapata karibu milimita 2,000. Yaani mvua yetu ya Aprili peke yake inazidi yao ya mwaka.

Kijani kile kimetengenezwa na vitu vinne:

Udongo uliojengwa. Grini ya kisasa chini yake kuna mabomba ya kutoa maji, juu yake kokoto kama sentimita 10, halafu mchanga maalumu kama sentimita 30. Hakuna kilichoachwa kama kilivyokuwa.

Maji yaliyopimwa. Mengi ni maji taka ya mjini yaliyosafishwa, mengine ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Yale maziwa mazuri unayoyaona kwenye picha si mapambo tu, ni matangi. Maji yanatoka humo usiku, jua likiwa limelala, kwa vinyunyizio vinavyoongozwa na kompyuta. Kuna mtambo mdogo wa hali ya hewa unaopima joto, upepo na unyevu, unakisia leo nyasi zimepoteza milimita ngapi, na usiku zinarudishiwa hizo hizo.

Chakula kidogo kidogo. Mchanga hauhifadhi mbolea. Ukiweka nyingi kwa mara moja inashuka chini na maji. Kwa hiyo wanalisha kidogo, mara nyingi.

Watu. Kila alfajiri watu wanakata, wanafagia, wanaokota, wanachimba kagrini kwa kifimbo kuangalia unyevu. Kijana alisema msimamizi wake, Mwomani mtu mzima aliyezungumza Kiswahili cha Unguja maana amezaliwa huko, alikuwa mkali kwa jambo moja: "Usinambie umemwagia dakika ngapi. Nambie udongo una hali gani."

Andika sentensi hiyo ukutani. Sisi wakulima tunahesabu ndoo tulizomwaga, udongo hatuuulizi.

4. Sasa tupige hesabu

Niliporudi kwenye swali la pampu, tulichukua karatasi.

Milimita 1 ya maji maana yake ni lita 1 kwenye kila mita 1 ya mraba. Kumbuka hilo tu, mengine ni kuzidisha.

Uwanja wa gofu wenye hekta 40 za nyasi, siku ya joto ikila milimita 7, unataka lita 40 × 10,000 × 7, yaani lita milioni 2.8 kwa siku moja. Ndiyo gharama ya zulia lile. Wageni wa hoteli wanalipa.

Eka moja ya mama Kamachumu ni kama mita za mraba 4,000. Kwa hiyo kila milimita 1 ni lita 4,000. Migomba iliyofunga kibanja inatumia kwa makadirio milimita 4 kwa siku wakati wa kiangazi. Mvua za hapa na pale na akiba ya udongo tuseme zinatoa nusu. Upungufu ni milimita 2, sawa na lita 8,000 kwa siku. Ni madumu 400 ya lita 20. Kila siku. Kwa miezi miwili ni lita 480,000.

Chemchemi wanayochota iko bondeni, kibanja kiko juu. Petroli ya kupandisha maji hayo ipo, lakini inalipwa na nani? Mkungu unaouzwa gulioni? Nilimwomba apige mwenyewe, bei ya petroli anaijua na bei ya mkungu mama anaijua. Alipofika katikati ya hesabu aliweka kalamu chini.

Halafu kuna sheria. Maji ya kunywa na matumizi ya nyumbani hayahitaji kibali, lakini kuvuta maji kwa pampu kwa ajili ya umwagiliaji kunahitaji kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde, na kwetu ni Bonde la Ziwa Victoria. Pia sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zetu zikae mita 60 kutoka chanzo cha maji. Usinunue pampu ndipo uulize. Na usisahau kwamba chemchemi ile inanywesha kitongoji kizima. Ukiikausha wewe Julai, utaeleza nini kwa jirani?

5. Kibanja nacho kimejengwa

Siku ya tatu nilikwenda kwao. Mama yake alitukaribisha vizuri, tukazunguka shamba. Migomba ya karibu na nyumba bado ina heshima yake. Ukienda hatua hamsini unaona mashina yamekuwa membamba, majani yamekunjika kingo, mikungu midogo. Nikamuuliza mama tangu lini.

"Tangu ng'ombe waliisha, waitu," akasema. "Baba yao alipougua tuliuza. Mkungu niliokuwa nausaidiwa kutwishwa kichwani, siku hizi huyu mjukuu anaubeba kwa mkono mmoja."

Kijana alinyamaza. Yeye alipoondoka ng'ombe wa mwisho alikuwa bado yupo.

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kibanja cha Mhaya si zawadi ya asili. Chimba rweya utaona: udongo wa kichanga, wenye tindikali, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi. Mvua nyingi siyo neema tupu, inaosha chakula kukipeleka chini. Katikati ya rweya hiyo hiyo babu zetu walijenga kibanja. Ng'ombe walichunga rweya mchana, usiku walilala nyumbani na samadi ikabaki. Nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa kibanjani. Majivu, maganda, mabaki ya jikoni, vyote vikaingia. Vizazi kwa vizazi. Kibanja ni kisiwa cha rutuba kilichojengwa kwa mikono, kama vile uwanja ule ulivyo kisiwa cha kijani kilichojengwa mchangani.

Na visiwa vya namna hiyo vina tabia moja: havijiendeshi. Uwanja wa Muscat ukizimiwa maji wiki mbili kiangazi, zulia linageuka rangi ya mkeka. Kibanja kikikosa samadi hakifi kwa wiki mbili. Kinakufa kwa miaka kumi na tano, polepole, mpaka tunadhani ni tabianchi peke yake. Tabianchi ipo, sikatai. Lakini udongo usio na samadi na matandazo hauwezi kuishika hata ile mvua uliyopata. Migomba ya nyumbani kwa mama na ile ya mwisho wa shamba imenyeshewa mvua moja. Tofauti ni kilichomo kwenye udongo.

Tulifanya jaribio hapo hapo, nanyi mlifanye. Chimba kwa kina cha sentimita 30, karibu na nyumba na mwisho wa shamba. Chukua udongo ukamate ngumi, fungua. Ukikaa kama tonge na kuacha unyevu mkononi, maji yapo. Ukikatika katika ukiguswa, umeanza kukauka. Ukimwagika kama unga, mgomba una njaa na kiu. La karibu na nyumba lilikaa tonge. La mwisho lilimwagika.

6. "Lakini bwana shamba, nyasi ziko wapi?"

Nilipoanza hotuba yangu ya matandazo kijana akanikatisha, na alikuwa na haki. "Mmetuambia tutandaze tangu niko shule ya msingi. Nyasi za rweya ziko wapi? Rweya yote imepandwa misonobari na mikaratusi. Na ng'ombe achunge wapi?"

Ni kweli. Ushauri wa "kata nyasi rweya" ulikuwa wa wakati wa rweya wazi. Kwa hiyo tulikaa tukapanga upya, na mpango huu unaweza kuufuata mwenye eka moja au chini ya hapo:

Ng'ombe wa kufungia badala ya wa kuchunga. Ng'ombe mmoja wa maziwa anayelishwa vizuri bandani, ukikusanya samadi, mkojo na mabaki ya majani, kwa makadirio yangu hakosi debe 1 kwa siku. Ikioza inapungua karibu nusu, zinabaki kama debe 180 kwa mwaka. Ukiweka debe 2 kwa shina kwa mwaka, ng'ombe mmoja anahudumia mashina 90. Eka yenye nafasi ya mita 3 kwa 3 ina mashina kama 440. Usidanganyike kwamba ng'ombe mmoja atafufua eka nzima mwaka mmoja. Gawa shamba vipande vinne au vitano, anza na kinachopakana na kile kizuri, songa mbele kila mwaka.

Malisho na matandazo yako mwenyewe. Panda matete au nyasi za guatemala kwenye kingo, kwa mstari unaokata mteremko. Zinazuia mmomonyoko, zinalisha ng'ombe, na mabua yanayobaki ni matandazo.

Tumia kilichomo shambani. Majani makavu ya mgomba, mashina yaliyovunwa yakipasuliwa na kulazwa chini, maganda ya kahawa. Tandaza unene wa sentimita 10, acha nafasi ya nusu mita kuzunguka shina ili fukuzi asipate maficho. Kama shamba lina mnyauko wa bakteria, usihamishe mabaki ya mashina yenye ugonjwa, na safisha panga kabla ya kuhamia shina jingine. Viwanja vya gofu huosha mashine zao baada ya kazi, sisi panga moja linatushinda?

Tandaza kabla kiangazi hakijaanza. Mwezi wa tano, udongo ukiwa bado na maji ya masika. Ukitandaza Julai unafunika ukavu.

Punguza midomo. Shina moja libaki na mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi saba yanayogombania maji ya mmoja yatakupa mikungu saba ya kulisha kuku.

7. Na pampu je?

Sikumwambia asinunue pampu kabisa. Maji yana mahali pake: miche mipya ya migomba miezi yake ya kwanza, kitalu cha kahawa, na bustani ndogo ya nyanya, kabichi au mchicha inayokomaa wakati wa ukame, bei ikiwa juu. Tulipima kipande cha mita 20 kwa 25, ni mita za mraba 500, kama nusu ya robo eka. Mboga zikila milimita 4 hazizidi lita 2,000 kwa siku. Hizo pampu ndogo inazitoa, na mboga inalipa petroli ndani ya msimu. Kibali kinaombwa kwanza.

Na ukishafunga vinyunyizio, fanya kile wanachofanya uwanjani. Chukua makopo yanayofanana, kumi au kumi na mbili, yapange shambani kwa nafasi sawa, washa maji nusu saa. Kisha pima kwa rula maji yaliyomo kila kopo. Ukikuta kopo moja milimita 2 na jingine milimita 9, mboga zako zingine zinazama na zingine zinakufa kiu, na wewe unalipia petroli ya zote. Sogeza vinyunyizio mpaka makopo yakaribiane. Makopo hayo hayo yaache wazi msimu wa mvua, utajua mvua ya jana ilikuwa milimita ngapi badala ya kusema "ilinyesha sana". Mwagilia asubuhi mapema au jioni, na kabla ya kufungulia maji chimba, kamata tonge.

Kijana alichukua siku mbili kufikiri, kwa sababu pesa ile ni miaka minne ya ujana wake na hakuna nyingine inayokuja. Mwisho aligawa: sehemu kubwa kwenye banda na mtamba mmoja, sehemu kwenye vipando vya matete na samadi ya kununua kwa kipande cha kwanza, na kilichobaki pampu ndogo ya bustani. Alisikitika kidogo, nilimwona. Picha ya eka nzima ikinyunyiziwa ilikuwa imemkaa kichwani miaka minne.

Wiki iliyopita nilipita kwao. Banda limeezekwa, mtamba bado hajafika. Amechimba ukoka wote wa kipande cha kwanza kwa jembe uma na kuuanika juu ya mawe. Nilimkuta mama yake ameinama pembeni ya bustani, anachungulia makopo ya maziwa yaliyopangwa mstari, mkononi ana rula ya mjukuu.

"Hili la mwisho halipati," akaniambia. "Mwambie mwanangu asogeze mpira."

Kazi ya wiki hii: chimba sehemu mbili za kibanja chako, karibu na nyumba na mwisho wa shamba, sentimita 30, kamata tonge. Andika ulichokiona na tarehe. Ukija ofisini kuuliza habari za pampu au mbolea, njoo na karatasi hiyo, tuanzie hapo. Somo lijalo tutaangalia jinsi ya kuivisha samadi isipoteze nguvu kwa jua na mvua. Kazi njema.